Pembe Hairekodiwi

Sina faida yoyote ya kukudanganya. Haya yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana, na siku hiyo sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya chai ya tangawizi.

Nilitoka Sumbawanga. Siku tatu barabarani, mabasi manne, gesti mbili zenye kunguni, mpaka nikashuka Same ambako upepo ulinivua kofia kabla sijakanyaga chini. Hapo nikapanda gari la Maore kupitia Kisiwani, vumbi mpaka kwenye meno, kisha pikipiki ikanipandisha milimani hadi juu ya Bombo. Nina miaka arobaini na kitu na sijawahi kutulia mahali. Nimeishi Kigoma, Lindi, Tunduma, na kila nilipokaa nilikumbuka nilikotoka. Lakini Upareni ndiko alikozaliwa mama yangu, na huko niliishi mpaka nilipofika miaka tisa.

Kazi yangu ni kutengeneza magemu ya simu, peke yangu. Nielewe vizuri. Mchoraji ni mimi, anayeandika programu ni mimi, muziki mimi, hadithi mimi, na wa kuyacheza kutafuta makosa ni mimi tena. Shule niliishia kidato cha nne. Mengine nilijifunzia kwenye banda la kutengenezea simu. Si bingwa wa lolote, ila hakuna lililonishinda kabisa. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yangu.

Miaka minne nilikuwa nikitengeneza gemu la mtoto anayeteka maji kwenye ndiva, yale mabwawa ya Wapare ya kukusanyia maji ya mlimani ili yamwagilie mashamba. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa sehemu moja, ya msaragambo. Hiyo ni siku pembe inapopigwa, na kila nyumba inatoa mtu na jembe kwenda kuzibua ndiva. Watu wangu wa kwenye kompyuta hawakukubali kufanya kazi pamoja. Nikiwaweka kumi wanagongana kama kuku waliomwagiwa mtama. Nami nilishamwahidi kaka yangu kwamba masika ikipita kabla sijamaliza, naliacha na kwenda kumsimamia duka lake maisha yangu yote. Unadhani nilikuwa napata usingizi?

Nilipanga chumba kwa Mama Nakundwa, mjane mwenye mdomo mkali na moyo laini. Asubuhi ya siku ya tano nikasikia pembe.

"Shikamoo, mama. Hiyo pembe ya nini?"

"Marahaba. Ndiva imejaa tope. Chukua jembe lile la mpini mfupi, linakufaa, na wewe mwenyewe mfupi."

Nikacheka. Nikatoa kinasa sauti, nikakielekeza mlimani.

"Sasa hicho?"

"Nairekodi, mama. Nitaiweka kwenye gemu."

"Pembe hairekodiwi, mwanangu. Pembe inaitikiwa."

"Mimi mgeni tu. Halafu kazi yangu naifanya peke yangu, sina muda."

"Mgeni! Mahindi unayokula kila siku yamenyweshwa na nini, mate yako?" Akachukua majembe mawili, lake na lile nililolikataa, akayaweka begani akaenda.

Saa nane mchana ukungu ukashuka. Nikaona niende nikatazame tu wanavyofanya kazi, labda nitajifunza kuwapanga watu wangu. Nilipofika kwenye ukingo wa ndiva niliwaona, kama thelathini hivi, wakipokezana vikapu vya tope mkono kwa mkono. Hakuna aliyemgonga mwenzake. Nikavaa visikilizio, nikawasha kinasa sauti. Nikasikia matone ya maji yakidondoka kwenye majani, basi. Watu thelathini wanachimba mbele ya macho yangu na sauti haipo! Na wewe unajua msaragambo ulivyo na utani na kelele. Nikadhani waya umekatika. Nikavua vile vidude masikioni. Kimya kilekile.

Mwanamume mmoja wa umri wangu akapanda ukingoni, tope mpaka magotini. Hakunisalimu.

"Kazi yako nini wewe?"

"Zote," nikajibu. Ndivyo nilivyozoea kujibu.

"Zote ni za watu wangapi?"

"Za mmoja. Mimi."

Akanitazama kwa huruma. "Basi lete tukusaidie. Na siku yetu ikifika, utakuja."

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Nilidhani ni maneno ya kawaida ya watu wanaosaidiana mashambani, leo kwako, kesho kwangu. Nikasema, "Sawa."

Nyumbani nikamkuta Mama Nakundwa anachoma mahindi, miguu yake misafi.

"Umewaacha wenzako?" nikamtania.

"Wenzangu gani? Tulitawanyika saa nne, kuna msiba kule Gonja. Hakuna mtu ndiva."

"Wapo, mama. Nimetoka huko sasa hivi."

Akaacha kugeuza mahindi. "Wana majembe ya namna gani?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. "Ya mti. Mti mtupu, hayana chuma."

"Walisema nawe?"

"Walitaka kunisaidia. Nikasema sawa."

Akayaondoa mahindi motoni mabichi vilevile. "Ukingo ule uliwahi kubomoka watu wakiwa ndani," akasema taratibu. "Bibi yangu alikuwa hajazaliwa. Tope halikuisha, na hakuna aliyewaambia waache."

Nikafungua kompyuta. Niamini ukitaka. Sehemu ya msaragambo ilikuwa imekamilika: watu thelathini wakipokezana vikapu mkono kwa mkono. Nikaisoma programu mstari kwa mstari. Uandishi ulikuwa wangu, mpaka tabia yangu ya kuvipa vitu majina ya mbuzi wa mama yangu. Lakini sikuiandika mimi. Na aibu yangu ni hii: nilifurahi.

Baada ya siku tatu pembe ikalia tena. Safari hii haikutoka mlimani. Ililia ndani ya begi langu, kwenye kompyuta iliyozimwa. Nikaanza kufunga mizigo.

Acha nikueleze kwanza yaliyofuata, kisha nirudi kwenye siku ile. Nilianza kwa kupoteza uwezo wa kuchora. Mwezi mmoja baada ya kuondoka nilishika kalamu nichore mbuzi, mkono ukabaki juu ya karatasi kama wa mtu asiyewahi kuona mbuzi. Kisha muziki; nasikia sauti, lakini siwezi kusema ipi iko juu na ipi iko chini. Kisha programu. Mistari niliyoiandika mwenyewe naisoma kama barua ya mtu mwingine. Wanachukua siku yao kidogo kidogo. Kwa kaka yangu napima misumari. Kusimulia ndiko kulikobaki, ndiyo maana nakusimulia upesi.

Gemu sijaliuza, lakini huwa nalifungua. Wale thelathini sasa wamekaa ukingoni, wanapumzika. Anayechimba ni mmoja, mfupi, amevaa kofia kama yangu. Kazi zote anazifanya yeye. Siku nyingine mama mmoja mwenye jembe begani husimama ukingoni juu yake, akimtazama.

Kwa hiyo nisikilize. Ukisikia pembe ya watu unaokula chakula chao, weka chini ulichoshika, uende. Na ukiwa umechoka, peke yako, mtu akakuambia atakusaidia, muulize siku yake ni lini kabla hujasema sawa.

Siku niliyoondoka, pikipiki ilikuwa imeshawashwa. Mama Nakundwa akatoka na lile jembe fupi, akaniwekea mapajani.

"Ni siku moja tu, mwanangu. Twende wote. Tutachimba, tutarudi, utakula, utalala."

"Nitarudi, mama. Nikiliuza hili gemu nitarudi."

"Ulisema sawa. Lazima aende mtu."

Nikamrudishia jembe lake. Hakunitukana, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Pikipiki ikaanza kuteremka, pembe ikilia mgongoni kwangu ndani ya begi. Kwenye kona nikageuka. Alikuwa anapanda njia ya kwenda ndiva, peke yake, ukungu ukimfika kiunoni, na begani alikuwa na majembe mawili.