Uzi wa Mkataba

Fundi cherehani wa Sombetini hachani kitu. Mshono ukienda kombo huchukua kiwembe akaufumua taratibu, tundu kwa tundu, huku akivumisha pambio puani. Kilichomshinda ni mkataba wa loji moja ya kitalii ya Momela. Aliusaini bila miwani, siku aliyoalikwa huko chakula cha bure, akawa mmiliki wa wiki moja ya kukaa humo kila mwaka, pamoja na ada za kulipia wiki hiyo, yeye, na akifa binti yake Naserian, milele. Hilo neno “milele” lilimnyima usingizi miaka sita.

Juzi akaitwa kwenye ofisi ya loji, Usa River. Kumbe wamekubali kumwachia! Karani akamsogezea karatasi ya kujitoa, naye akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka karani akacheka: “Mama, unatafuta chawa?” “Natafuta milele, mwanangu. Leo nimekuja na miwani.” Halikuwepo. Akasaini, mhuri ukagonga meza, pwaa! Karani akaushika mkataba wa zamani, ulioshonwa pembeni kwa uzi wa kijani, tayari kuuchana. “Weee! Hebu lete hapa.” Akatoa kiwembe chake, akaufumua tundu kwa tundu, na safari hii pambio likamtoka kwa sauti, ofisi nzima ikageuka. Kurasa akamwachia karani. Uzi akauzungusha kidoleni. “Huu nashonea kifungo kwenye gauni la Naserian,” alisema, na tayari alikuwa mlangoni.