Kote Sawa, Alisema Mjomba

Ukishuka basi kwenye stendi ile na begi lako limefumuka, huna haja ya kuuliza sana. Utaoneshwa kidole: nenda pale kwenye kona, penye mwavuli uliopauka, kwa Mama Zipu. Utamkuta kainamia cherehani yake ya mkono, sindano nene kaibana midomoni, na ulimi mkali kuliko hiyo sindano. Anabadilisha zipu, anashona mikanda, anatia viraka masanduku ya kitambaa yaliyoburutwa kutoka nchi za watu. Wageni wanaoshuka pale karibu wote mabegi yao yamechoka kama wao wenyewe, kwa hiyo kazi haikosi.

Lakini kazi yake hasa si zipu. Kazi yake hasa ni kulipiza kisasi, na mwenyewe haoni haya kulisema. Mwulize habari za kazi, atakwambia, "Nzuri, leo nimemnyang'anya wawili." Anayenyang'anywa ni Mjomba.

Mjomba si mjomba wa mtu yeyote pale. Ni dalali wa vyumba. Basi likisimama tu yeye keshafika mlangoni, shati limenyooshwa pasi, kofia nyeupe kichwani, anaita kwa lugha ya nyumbani, "Karibuni nyumbani, wanangu!" Hebu fikiria. Umesafiri hadi umesahau leo ni siku gani, kila bango unaloliona hulielewi, mara unasikia mtu anakuita mwanangu kwa lugha ya mama yako. Utamfuata. Hata wewe unayejifanya mjanja utamfuata. Watu wetu ndivyo tulivyo, tukifika ugenini hatuulizi mji ukoje, tunauliza nani anaongea kama sisi.

Sasa stendi ile imekaa mpakani. Kando yake inapita reli, na reli ndiyo inayotenganisha halmashauri mbili. Upande wa juu, mjamzito akijiandikisha tu, awe mgeni wa jana au mzaliwa wa palepale, anapewa kadi ya bima siku hiyohiyo: kliniki, vipimo, kujifungua, na mtoto wake pia. Upande wa chini, mgeni anasubiri mwaka. Mwaka mzima! Mimba gani hiyo ya kusubiri mwaka? Na anwani unayoandikisha mwanzo ndiyo inayokushika. Ukija kuhamia upande wa pili baadaye, unaambiwa wewe ni wa kule, unarudishwa mwisho wa foleni. Vyumba vya Mjomba vyote viko upande wa chini.

Mama Zipu naye alishuka pale, enzi hizo hajaitwa Zipu, tumbo mbele, mumewe nyuma na mizigo. Mama yake alimwonya kabla hajaondoka: kabla hujaulizia chumba, ulizia hospitali. Akaulizia. "Mjomba, na matibabu je? Mjamzito mgeni anatibiwa?" Mjomba akacheka kicheko cha mtu mzima, akamshika bega. "Kote sawa tu, mwanangu. Juu, chini, kote sawa."

Wakaandikisha upande wa chini.

Miezi ikaenda, miguu ikaanza kuvimba. Kichwa kikawa kinamgonga, macho yanaona vimulimuli. Mumewe akampeleka hospitali, pale mapokezi wakaulizwa kadi. Hawana. Basi rudini mkiwa na kadi, au mlipie kwanza. Wakarudi chumbani kwa Mjomba. Akalala na miguu juu ya ndoo iliyofudikizwa, akijipa moyo kwamba ni uchovu tu, hadi alipodondoka mlangoni akitapatapa. Safari hiyo walimpokea, maana alikuwa anakufa. Wakamwokoa yeye. Mtoto alikuwa wa kike, alitoka mzima wa viungo, na chumba kizima kikawa kimya. Mama Zipu akangoja sauti. Akangoja. Nesi akamfunika mtoto uso. Baadaye daktari akamwambia kizazi kimeondolewa, hapakuwa na namna nyingine.

Mjomba alikuja kutoa pole, na kofia yake ileile. "Kazi ya Mungu, mwanangu." Mama Zipu akamtazama kutoka kitandani. Wakati huo alikuwa keshasikia habari za upande wa juu kutoka kwa mgonjwa mwenzake. Akamwuliza, "Ulijua?"

Mjomba akatazama ukuta. "Mwanangu, mimi natafuta riziki tu."

Kumbe alijua! Kama angekuwa hajui, pengine angemsamehe; mjinga anasamehewa. Lakini alijua, akamshika bega, akacheka. Pale pale kitandani Mama Zipu akala kiapo kwamba mtu huyu hatalala usingizi mtamu maadamu yeye yuko hai.

Mumewe alijaribu kumtuliza. "Achana naye, mke wangu, utakufa na kinyongo."

"Nife nacho. Ni changu."

Wakahamia upande wa juu, akanunua cherehani, akaja kumkalia Mjomba kooni palepale anapopatia chakula chake. Na jinsi anavyofanya kazi, yarabi, utacheka. Mimba anainusa tumbo halijatokeza hata kidogo. Akimwona mwanamke anashuka kashika kiuno, huyo, keshafika. "Dada yangu, begi hili litakuaibisha njiani, lete nikutengenezee." Hata kama begi ni zima, likifika mikononi mwake linafumuka lenyewe. Mjomba anabaki kasimama kando na gari lake, anatazama saa.

"Bado tu?"

"Zipu imegoma."

"Utashona mpaka lini wewe mwanamke?"

"Mpaka utakapoondoka."

Na huku anashona, kichwa chini, anamweleza mgeni habari za reli, za juu na za chini, taratibu, kwa lugha ileile ya nyumbani. Zipu ikija kupona, mgeni keshavuka reli na mumewe na mizigo yake, kwa mwenyeji aliyeelekezwa. Mjomba aliwahi kumletea askari wa stendi wamfukuze. Askari wakafika, wakakuta mikanda yao wenyewe iko pale mezani inasubiri kushonwa, wakasalimia, wakaenda zao.

Alimharibia ulaji wake. Lakini Mama Zipu hakushiba. Mjomba bado alikuwa na kofia yake, bado anaita wanangu wanangu, na bado wapo waliompita Mama Zipu wakaingia kwenye gari lile. Kila alipoona tumbo linaingia garini alijichoma sindano. Akawa anamwomba Mungu, tena bila kupindisha maneno, kwamba siku moja Mjomba ahitaji kitu ambacho yeye peke yake anacho.

Na siku hiyo ikafika. Asubuhi moja Mjomba alikuja hadi chini ya mwavuli, akaketi kwenye kigoda cha wateja. Kofia kaishika mkononi. Mama Zipu hakuwahi kumwona kichwa wazi, kumbe ana upara.

"Dada yangu," akasema.

"Leo nimekuwa dada? Juzi si nilikuwa mchawi?"

"Binti yangu anakuja kwa basi la leo. Ni mjamzito, na mumewe kabaki nyumbani." Akaigeuza kofia mkononi. "Anasema miguu imemvimba."

Mama Zipu akaendelea kuzungusha gurudumu la cherehani, ingawa uzi ulikuwa umeshakatika. Akaelewa kabla hajaambiwa. Ili uandikishwe upande wa juu, lazima mwenyeji wa huko asimame nawe dirishani aseme huyu analala kwangu. Na upande wa juu mzima, mlango baada ya mlango, hakuna aliyekubali mtu wa Mjomba. Wote waliwahi kukaa kwenye kigoda kile. Mama Zipu mwenyewe ndiye aliyeifunga milango hiyo, na chumba cha uani kwake kilikuwa kitupu.

"Si umpeleke kwako?" akasema. "Kote sawa."

Mjomba akainamisha kichwa.

"Au si sawa, Mjomba? Mimi mgeni wa mambo haya, nifahamishe."

Moyo wake uliruka kwa furaha, na ilikuwa furaha mbaya, tusidanganyane. Akatamani aseme hapana. Mpeleke kwenye chumba kile nilichokaa mimi, ndoo ipo. Ngoja na wewe usikie kimya kile. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Hilo ndilo alilokuwa ameliomba miaka yote, na Mungu kamletea hadi mkononi.

Basi likapiga honi likiingia.

"Nitampokea," akasema. "Lakini kwanza utasema. Pale mlangoni pa basi, kwa lugha yetu, na sauti yako ileile ya karibuni nyumbani. Utasema upande wa chini mjamzito mgeni hana bima, na kwamba ulikuwa unajua."

"Dada, nitakula nini?"

"Hujaniuliza mimi nilikula nini."

Mjomba akasimama. Abiria wakaanza kushuka, na kando yao walisimama wapangaji wake waliokuja kupokea ndugu zao. Akafungua mdomo. "Karibuni nyumbani, wanangu..." Kisha akanong'ona kitu.

"Sikusikii!" Mama Zipu akapiga kelele kutoka kwenye mwavuli.

"Upande wa chini mjamzito mgeni hana bima!" Sauti ilimtoka imepasuka. "Hana bima mpaka mwaka uishe! Nendeni upande wa juu. Nilikuwa najua. Siku zote nilikuwa najua!"

Mpangaji wake mmoja, mwanamke aliyevaa gauni pana, tumbo la kukaribia kabisa, akamsogelea polepole. "Mjomba, si uliniambia kote sawa?"

Mume wa yule mwanamke akaitwaa kofia mkononi mwa Mjomba, akaitupa chini, akaikanyaga mara moja tu, akamwondoa mkewe pale. Na kwenye ngazi ya basi alisimama binti, kashika tumbo, kasikia yote, anamtazama baba yake kama anayemwona leo.

Mama Zipu alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia binti huyo. Alitaka amweleze kila kitu, ndoo, nesi, ukuta. Lakini macho yakamwangukia miguuni. Viatu havikufungika. Akapiga goti palepale, akabonyeza kifundo kwa dole gumba. Shimo likabaki.

"Kichwa kinauma?"

"Tangu juzi, shangazi."

Shangazi, eti! Yaani dada wa Mjomba. Damu ilimchemka. "Niite fundi," akasema, akamshika mkono, akaacha cherehani mwavulini bila mlinzi, wakavuka reli. Dirishani karani aliuliza huyu analala kwa nani. "Kwangu," akajibu. Kadi ikatoka. Hawakupita hata nyumbani, walikwenda moja kwa moja hospitali, na daktari akasema huyu haondoki.

Na yule mpangaji mwenye gauni pana? Kwake kadi haikuwezekana tena, anwani ilikuwa imeshamshika. Wanawake wa upande wa juu walimchangia, akajifungua salama, lakini hilo lilikuwa bahati, na Mama Zipu aliliweka moyoni pamoja na mengine.

Binti wa Mjomba alilazwa, akapewa dawa, akachungwa. Mtoto alitolewa kwa upasuaji mchana mmoja wa jua kali. Mama Zipu alikuwa kwenye benchi la nje ya mlango, na Mjomba mwisho wa ukumbi, maana binti hakutaka kumwona. Mara sauti ikasikika. Kali, ya hasira, ikajaza ukumbi mzima.

Nyie mtadhani alilainika. Watu wote waliokuwapo walidhani hivyo, walipomwona anajifunika uso kwa kanga. Lakini siku zote alikuwa anachukia kitu asichokijua. Alijua kimya tu. Sasa ndio kwanza amesikia alichonyimwa, jinsi kilivyo, kikubwa kiasi gani, na akamchukia Mjomba siku ile kuliko siku zote alizowahi kumchukia.

Mjomba akaja taratibu, machozi yanamtiririka, mikono kaikunja kifuani. "Ahsante, dada yangu. Ahsante. Mungu akulipe." Akangoja. "Basi yameisha? Tumemalizana?"

Mama Zipu akafuta uso. Ndani mtoto bado alikuwa analia, nao wote wawili wakamsikiliza.

"Wangu hakulia," akasema.

Akanyanyuka kutoka kwenye benchi.

"Kesho kuna basi la asubuhi. Utasimama palepale, utasema vilevile. Na keshokutwa. Mimi nitakuwa nasikiliza."

Ukipita stendi ile leo utamkuta, kichwa wazi juani, anaita kwa lugha ya nyumbani, "Karibuni, wanangu, wenye mimba vukeni reli!" Sauti imemkauka, na vyumba vyake vimebaki na mapanya. Akishusha sauti kidogo tu, kuna mtu kwenye kona, chini ya mwavuli, anasimamisha gurudumu la cherehani na kunyanyua kichwa.

"Sikusikii, Mjomba."