Nilimwandikia "Anahudhuria Vizuri" Msichana Ambaye Hakuwepo

Sitajitetea. Kosa ni langu, nililifanya kwa kalamu yangu na baadaye kwa mdomo wangu. Nawaambia nyinyi msionijua, maana wanaonijua wananiambia nisahau.

Mimi ni mwanamke wa Kinubi, mwalimu wa dini ya Kiislamu na maadili katika sekondari moja ya kutwa hapa Jinja. Nafundisha ukweli. Nafundisha amana. Jamani!

Mwisho wa muhula, mimi ndiye naandika neno la tabia kwenye ripoti ya kila mwanafunzi. Kidato cha tatu walikuwa zaidi ya tisini, na naibu mkuu alizitaka ripoti zote siku ileile. Niliandika bila kuinua kichwa. "Ana heshima." "Msikivu." Rejista ilikuwa kando yangu, sikuifungua.

Mmoja wao nitamwita Hadija. Wazazi wake wako Nakaloke, nje ya mji wa Mbale. Alikuwa akikaa kwa shangazi yake huku Walukuba ili asome. Muhula ule shangazi alijifungua mapacha, akamfanya Hadija yaya. Mtoto wa watu alifua nepi, akapika, akabeba watoto. Darasani hakukanyaga.

Mimi nikamwandikia: "Anahudhuria vizuri. Mkweli. Mfano kwa wenzake."

Mfano kwa wenzake! Hata sura yake nilikuwa siikumbuki.

Likizo alirudi Nakaloke, akamwambia baba yake, "Baba, sikusoma." Baba akaitoa ripoti. Shangazi naye akaapa kwenye simu kwamba mtoto alikuwa akienda shule. Basi shule zilipofunguliwa, mzee akamleta Hadija mpaka ofisi ya walimu. Ni askari mstaafu, siku hizi anauza maharage sokoni kwao.

"Mwalimu," alisema, "mimi nataka kujua kitu moja tu. Huyu mtoto anasema hakusoma. Wewe umeandika alisoma. Alikuwa hapa ama hakuwa?"

Naibu mkuu alikuwa meza ya pili, anagonga mihuri. Alishatuonya: mwalimu atakayekutwa ametunga ripoti, atafute kazi kwingine.

Nilimtazama Hadija. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa sabuni. Ningesema tu, "Afande, nisamehe, niliandika bila kuangalia." Maneno machache hayo!

Nikasema, "Alikuwepo, Afande. Anakaa upande wa dirisha."

Hadija hakulia. Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa, Mwalimu."

Baba yake akaniomba radhi. Mimi! Akaniomba radhi kwa kunisumbua, akamrudisha binti yake kwa shangazi.

Kila asubuhi ya somo langu nililiita jina la Hadija kwenye rejista, hakuna aliyeitika. Wiki zikapita. Sikufanya lolote. Nilikula, nilisahihisha madaftari, nilifundisha.

Siku moja mwanafunzi mwenzake akanieleza kwamba Hadija ametoroka kwa shangazi, anakaanga chapati za kuuza Mpumudde, hapahapa Jinja. Nikapanda boda nikamfuata.

"Hadija, nimekuja kurekebisha."

"Utarekebisha nini, Mwalimu?" Hakuacha kusukuma chapati. "Baba ameniambia nisimpigie simu tena. Anasema hajazaa mwongo."

Jumamosi nikaenda Nakaloke. Nilimkuta mzee anampimia mteja maharage. Nilimweleza yote, nimesimama palepale. Akamaliza kupima, akafunga mfuko, akamkabidhi mteja. Ndipo akasema:

"Kabla hatujaja kwako, nilimpiga. Mbele ya mama yake nilimpiga, juu ya karatasi yako."

"Nisamehe, Afande."

"Usiniombe mimi."

Tulikuja naye Jinja siku ileile. Hadija alimpa baba yake kiti, chai na chapati, kama mteja mwingine yeyote. Mzee akamwambia turudi nyumbani, mwanangu, sasa nimejua ulisema kweli.

"Umejua kwa sababu Mwalimu amesema," Hadija akajibu. "Mimi niliposema je?"

Mzee akamaliza chai yake, akaondoka peke yake. Hadija hakurudi naye.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikakiri, nikingoja kufukuzwa. Akasema walimu wengi huandika hivyohivyo, nirudi darasani. Nikarudi. Wenzake Hadija sasa wako kidato cha nne, wanajiandaa kwa mtihani wa taifa. Yeye hayumo. Naingia, nafundisha mada ya ukweli, nasikia sauti yangu inatoka, wanafunzi wanaandika. Ndani sisikii kitu. Hata machozi nayangoja, hayaji.

Walimu wenzangu, nawasihi! Kama humjui mtoto, acha nafasi wazi. Na ukishakosea kwa kalamu, usiongeze kwa mdomo, hata kama bosi wako amekaa meza ya pili.

Na wewe mzazi: siku mtoto wako atakapokuja na neno zito, mkalishe umsikilize mpaka mwisho. Usikimbilie kuja kuniuliza mimi.