Pua ya Lori la Baba

Pua ile niliikunja mara nne. Mara ya nne nikalirusha bati ukutani, kuku wa mpangaji mwenzangu wakatimka. Fundi bati mzima, mtaa wetu wa Soweto hapa mjini wote wananijua kwa makarai yasiyovuja, nashindwa na lori la kubeba kwapani! Aibu gani hii?

Na wala halikuwa la kuchezea mtoto. Baba yangu aliendesha lori la ushirika miaka kumi na tisa, akiteremsha kahawa kutoka Kibosho hadi kiwanda cha kukoboa mjini. Lilikuwa lori la pua, la Kiingereza la zamani, injini imekaa mbele ya dereva, siyo chini ya makalio yake kama haya ya Kijapani yaliyomiminika enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Hayo baba aliyaita masanduku ya sabuni. La kwake likianza kupanda kona ya parokia kwa gia ya pili, wanawake migombani walijua ni saa ya kubandika ndizi. Walipokuja wanunuzi binafsi na magari yao, la baba likasukumwa nyuma ya yadi ya ushirika kulekule Kibosho, likavuliwa matairi, likapandishwa juu ya mawe. Na yeye akarudishwa nyumbani.

Yakafuata macho. Daktari alisema ni presha ya macho, ile inayoanza kula pembeni, na ikishakula hairudishi. Baba akawa anaona kama anachungulia kwenye bomba. Jumapili moja akaniita.

"Mwanangu, nimekwenda yadi kulitazama lori langu. Nimeona taa. Nikageuza kichwa, nikaona mlango. Lori zima halinienei tena machoni. Wewe si fundi? Nitengenezee dogo, lifanane kila kitu, niliweke mbali kidogo nilione lote kwa mara moja. Ila fanya haraka, bomba linaziba."

Nikamwambia wiki tatu. Mdomo wangu huu!

Siku ya kwanza mlinzi wa yadi alinifukuza, kwa sababu aliniona na tepu. Miaka ile mali ya ushirika ilikuwa inauzwa kipande kipande, na mtu mwenye tepu lazima awe mnunuzi wa vyuma chakavu. "Hapa hakipimwi kitu," akaniambia. "Kutazama, tazama mpaka uchoke." Haya. Kila Jumapili baada ya misa nikawa nakwenda kutazama, mfukoni nina vipande vya kamba ya katani. Akigeuka tu, navuta kamba juu ya boneti, napiga fundo. Jumapili nyingine mlango. Nyingine chesisi, nyingine bodi. Kila sehemu na kamba yake. Mjini nazikunjua, nazipima, futi moja ya lori inakuwa inchi moja ya bati. Nilijiona mjanja kweli.

Bati lilitoka kwenye madebe ya mafuta ya kula, matairi kwenye soli za ndala, wavu wa rejeta kwenye spoki za baiskeli. Kila kipande peke yake kilipendeza. Kuviunganisha sasa! Chesisi inaipita bodi kwa nusu inchi. Boneti inachomoza mbele ya bampa kama mdomo wa bata. Nikakata, nikalehemu, nikabandua, nikakata tena. Wateja wa makarai wakawa wanakuja wananikuta nalitukana lori. Wiki tatu zikawa miezi mitatu, na kila nikipanda nyumbani baba anauliza, "Tayari?" na mimi najibu, "Bado kidogo."

Kisha asubuhi moja kamba ya boneti ikaniponyoka, ikatumbukia kwenye beseni la kupozea vyuma. Nikaiopoa, nikaivuta tena juu ya meza. Ilikuwa imepungua. Nikakaa chini. Katani ikilowa inasinyaa, jamani! Mimi mtoto wa mlimani, nimekua nikiona kamba ya nguo ya mama inakaza kila masika hadi nguzo zinainama, na sikukumbuka! Kule juu nilipima kwenye manyunyu, kamba mbichi. Huku chini kwenye jua la Soweto inajinyoosha, nami naisoma kama maandiko. Sehemu za siku ya mvua zilirefuka, za siku kavu zilikuwa sawa. Sikuwa na wa kumlaumu, na hilo ndilo liliniudhi zaidi.

Jumapili iliyofuata nikapanda na tepu, liwalo na liwe. Nikakuta yadi iko wazi. Mawe manne yako palepale, na kati yake majani ya njano yaliyokuwa hayajaona jua miaka yote ile.

"Wamelikata Alhamisi," mlinzi akasema. "Sasa hata ukitaka kupima, pima tu."

Nilitamani kumzaba kibao. Nikaenda nyumbani na lori langu kwenye gunia, pua yake ileile. Baba akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya stuli, akarudi nyuma hatua, akarudi nyingine, anainamisha kichwa huku na huku analitafuta. Akalitazama muda mrefu.

"Siyo lenyewe," akasema. "Pua ndefu."

"Imezidi kidogo tu, Baba."

"Siyo lenyewe. Hili mimi sijawahi kuliendesha."

Miezi mitatu yote ikanipanda kichwani. "Na hayo macho unaona nini, Baba? Utajuaje?"

Nikalisema, na mama yuko pale. Baba alibaki ametazama palepale alipokuwa anatazama. Mama alikuwa anamenya ndizi, akaweka kisu chini.

"Toka," akaniambia. "Nenda mpakani, na usirudi mikono mitupu."

Kwetu hakuna anayeuliza maana ya maneno hayo. Mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, ndiko unakoota mmea wa isale, na jani lake likipigwa fundo ndilo unalompelekea uliyemkosea. Akiletewa, hakatai. Nikaenda, na hasira bado ninayo, sisemi uongo. Nikakata jani, nikalipiga fundo huku nikiwaza kwamba mwaka huu mafundo yamenichosha. Nikarudi, nikapiga goti, nikamwekea mkononi. Akalipapasa kwa kidole gumba.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini pua ni ndefu."

"Sasa nitapima wapi, Baba? Lori limeshakatwa!"

Baba hakuwa na habari kwamba limekatwa. Kisha akasema, "Na mimi nimekatwa?"

Akasimama, akanyoosha mkono. "Pima hapa. Kwapani hadi ncha ya kidole, mara mbili. Kutoka kioo cha mbele, ya kwanza inafika kwenye lachi, kile kifungio cha boneti, ya pili kwenye kifuniko cha rejeta. Nimelala juu ya injini ile miaka kumi na tisa, nisiijue?" Kidaraja cha kupandia kilikuwa usawa wa goti lake. Kitasa cha mlango, usawa wa kifungo cha tatu cha shati. Upana wa kiti, bega lake, bega la utingo, na kikapu cha chakula katikati. Nikatoa tepu, nikapima goti, kifua, mabega, nikiandika kwenye kiganja.

Mama akaingia na kibuyu cha maziwa, akatuona. "Yesu na Maria! Unampima baba yako! Amekufa?"

Baba alicheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka, kwa sababu nilipopitisha tepu mgongoni kwake nami nilikuwa nimemfikiria seremala wa majeneza.

Pua ya tano ilikaa yenyewe, bila kulazimishwa. Kila kitu kikakutana na mwenzake. Wiki mbili tu, nikapanda nalo. Nikapiga hodi, nikasema, "Shikamoo, Baba." Akaitikia marahaba huku amegeukia ukuta. Sikuhitaji kuuliza. Bomba lilikuwa limeziba.

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Katani? Mlinzi? Masika? Nikaliweka mapajani kwake. Vidole vyake vikaanza kwenye bampa, vikapanda rejeta, vikapita juu ya boneti polepole hadi kwenye kioo.

"Ndiyo," akasema. "Hii ndiyo pua yake."

Nikashusha pumzi. Lakini vidole havikusimama. Vikateremka kwenye madigadi, vikakanyaga kidaraja, vikapanda hadi kwenye kitasa nilichokitengeneza kwa msumari. Akavuta. Akavuta tena. Ule mlango nilikuwa nimeulehemu pande zote nne uwe imara, maana lori lilikuwa la kutazama tu.

"Umeufunga," akasema. "Sasa mimi nitaingilia wapi?"

Nikalirudisha kwenye gunia, nikateremka nalo Soweto kuwasha mkaa, niyeyushe lehemu ya ule mlango.