Mafuta Mbili mu Beseni Moja

Kuko siku moja, mwanangu, ningali naikumbuka kama ya jana. Mvi imejaa kichwa, lakini nikiiwaza haya inanipanda tena ku uso. Ikaa kwanza. Nimekuona asubui hii ukifanya vidange, kubadilisha mafuta ya pikipiki ya batu, hapa mutaani Beu, unamwanga tu mafuta chini, hata kuiangalia hapana. Njo maana nimekuita.

Nilikuwa kijana, fundi ya bakamioni kule Butembo. Na nilikuwa fundi ya kweli, sikudanganye. Kamioni ikitoka Lubero, ikifika inatoa moshi, batu banasema, "Mwiteni Kambale." Nakuja, nasikiliza kidogo, nasema: joint de culasse, ile gasketi yenye kuzuia maji isiingie mu kichwa ya injini. Banafungua, banakuta ni joint de culasse! Eeh, kusifiwa ni kitamu, mwanangu, lakini inaziba masikio.

Grand yangu Katembo, mutoto wa kwanza wa mama yetu, alikuwa anaongoza pirogue, mutumbwi ya moteur, kule Kyavinyonge, ku ziwa. Pirogue ilikuwa ya Mama Masika, mujane mumoja muzee, mushonaji wa nyavu, mwenye maneno kidogo na macho mingi. Katembo alikuwa anavusha batu na samaki. Siku moja akanitumia ile moteur juu ya kamioni ya makayabo, samaki ya chumvi, na neno moja tu: "Petit, mudogo wangu, mafuta inageuka nyeupe kama chai ya maziwa. Niangalilie."

Mimi nikacheka. Mafuta nyeupe ni maji imeingia, hata mutoto anajua. Na ku kamioni, maji inapitaka wapi? Si ku culasse! Sikuuliza kitu ingine. Sasa sikiliza vizuri: moteur ya pirogue iko na mafuta mbili. Moja iko juu, mu kichwa, inalainisha injini. Ya pili iko chini, mu muguu, inalainisha meno yenye kuzungusha hélice, ile panga ya kusukuma maji, na ule muguu unashinda siku muzima ndani ya maji. Nilijua ile. Lakini haraka! Nikafungua juu, nikafungua chini, nikamwanga yote mbili mu beseni moja. Ikachanganyika, ikakuwa nyeupe yote. Nikaita benzangu, "Munaona? Culasse!" Nikabadilisha joint, nikaweka mafuta mupya juu na chini, nikaandika ku karatasi: "Grand, imepona. Enda hata mwisho wa ziwa."

Enda hata mwisho wa ziwa. Mudomo wangu huu!

Juma mbili hazikuisha. Nilikuwa chini ya kamioni, mama mumoja muuzaji wa samaki akakuja mbio, akasema pirogue ya Katembo ilitoka jana asubui na batu tisa, na mpaka saa ile haijafika popote. Nikatoka vile nilikuwa, na mafuta ku mikono, nikapanda gari ya kushuka ku ziwa. Ile njia nilikuwa naijua kona zake zote, lakini siku ile haikuwa na mwisho. Nilikuwa nalia mbele ya batu, sikujificha. Nilikuwa najua ni mikono ya nani ilifunga ile moteur.

Ku kando ya ziwa nikakuta bamama banaimba nyimbo za kanisa, bengine beko na rozari. Mama Masika alikuwa anaikaa juu ya wavu, sindano mu mukono, lakini hashoni. Nikaikaa karibu yake. Tukangoja. Jua ilipoanza kushuka, mutu akapiga kelele, "Bale! Bale kule!" Tukaona pirogue inakuja pole pole, batu banapiga maji na mbao za kuikalia. Bote tisa balikuwa bazima, hata mama mwenye mutoto ku mugongo. Jua ilikuwa imebachoma, upepo ulikuwa umebasukuma mbali sana. Katembo akashuka wa mwisho. Nilitaka kupiga magoti, yeye akaniegemea ku bega, akasema, "Petit, uko na kitu ya kula?"

Jioni ile Mama Masika akaomba basimamishe moteur juu ya mbao, ilale vile. Asubui akakuja na glasi mbili tupu za kunywea chai, akaniuliza, "Fundi, kule Butembo, ile maziwa ilitoka wapi? Ku kichwa ao ku muguu?"

"Sijui, mama. Nilimwanga yote mu beseni moja."

Heri angenipiga kofi. Alinitazama tu kama mutoto wake, na akasema, "Bashahidi babili unabauliza mara moja, bote banasema pamoja. Sasa utajua nani anasema ya kweli?"

Akanipa glasi ya kwanza. Nikatoa mafuta ya juu: ilikuwa safi kabisa, maji hapana. Akanipa ya pili, akasema nilegeze ile visi, skrubu ya chini, pole pole, kwa sababu moteur ilisimama wima usiku muzima na maji inashukaka chini. Kweli: matone ya maji ikatangulia, halafu ikafuata maziwa, na ndani yake vipande vya chuma vinang'aa. Meno yalikuwa yamekwisha kusagika na kukwama, njo maana injini ilikataa kuzunguka. "Sasa toa hélice," akasema. Nikatoa. Nyuma yake kulikuwa kamba ya nylon, imejizungusha mara nyingi, imekaza, imekata ule mupira mudogo wenye kuzuia maji, ile tunaita joint spi. Maji ilikuwa inapita pale tangu mwanzo. Mama Masika akakamata ile nylon, akaileta karibu na macho.

"Ni ya wavu," akasema. "Hapa kila mutu anatoa hélice kwanza, anatafuta kamba. Barabara yenu ya Butembo haina nyavu, utajua namna gani? Lakini kuuliza si ujinga, mwanangu."

Nikaenda Beni kutafuta meno na joint spi, nikarudi, nikatengeneza. Nikafikiri imeisha, nitapanda kamioni yangu. Aka! Kule kuko desturi: fundi njo anapanda wa kwanza. Mimi mutoto wa milima, maji yangu yote ni ya kuoga! Bamama banacheka, banasema, "Wasingya, asante, fundi, panda!" Nikapanda, nikashika mbao na mikono yote mbili.

Tulipofika mbali, Katembo akazima moteur. Milima yetu ilikuwa midogo kule nyuma, na kiboko mumoja akatoa pua karibu, akatuangalia.

"Njo hapa ilikufa," Katembo akasema. "Batu bakaanza kulia. Nikabaambia, mutulie, ni petit yangu njo alitengeneza, itawaka tu. Nikavuta ile kamba ya kuwashia mpaka mikono ikatoka damu. Petit, mimi nilijua itawaka."

Hakusema kwa hasira, mwanangu. Angekasirika, ningejitetea. Alinionyesha mikono yake, na mimi nikalia pale katikati ya maji kama mutoto mwenye kupigwa. Akanipangusa uso na shati yake, akawasha moteur, ikaitika mara moja.

Basi shika hii. Ukiona mafuta nyeupe, hapana furahi mbio kwamba unajua ugonjwa. Toa kila mafuta peke yake, mu chombo yake, uiangalie ku mwangaza. Kuibadilisha tu si kuponyesha. Tafuta pahali maji inapita, maana usipoziba ufa, utajenga ukuta. Muulize mwenye chombo: ulipita wapi, uligonga nini? Leo muko na video mu téléphone, ni vizuri, mimi pia naangaliaka. Lakini ile video haikufika ku ziwa ya mutu huyu. Na kabla ya kusema "imepona," jua kuko mutu mahali atavuta kamba mpaka damu itoke, kwa sababu amekuamini.

Nakupenda, njo maana nakuambia haya yangu. Mungu akupe macho ya subira na ulimi usioona haya kuuliza. Na kila mutu atakayesafiri juu ya kazi ya mikono yako, afike, akute batu bake bamepika. Amina.