Kiongozi wa Kwaya ya Koekelberg

Nyimbo zote za kwaya alizichagua yeye, mama kiongozi. Aliongoza macho yamefumbwa, mkono wa kulia ukielea kama unapapasa kitambaa kisichoonekana, na ulipofungika kanisa zima lilinyamaza. Siku hizo waimbaji walikuwa wakinong’ona kwamba watahama kwaya, kwa kuwa hawaulizwi lolote. Jioni moja ya mvua, wakikunja majoho, Kasoki, mwimbaji aliyesomea historia, alimsimulia kiongozi jinsi wafalme wa Uingereza walivyotawala watakavyo, hadi mwaka 1689 William na mkewe Mary waliposomewa kwanza haki za Bunge, ndipo wakapewa taji.

“Alors, muntu anabakia mufalme?” mama akauliza, akilainisha joho alilokunja.

“Anabakia, maman. Ila hawezi tena kufuta sheria yeye peke yake.”

Mama alitazama mvua dirishani kama mtu anayesikiliza wimbo wa mbali.

Jumapili aliinua mkono, akasita. “Bon, munapenda tuimbe nini?”

Kasoki akaanzisha wimbo ambao mama yule alikuwa akiukataa kila mara. Wenzake wakaupokea, mmoja mmoja. Mama akashuka jukwaani taratibu, akasimama kati yao, akamwinamia Kasoki.

“Couplet ya pili, ule ubeti unaofuata, inasemaka nini?”