Kipande cha Mama Zipu

Nikisema Mama Zipu ni mtu wa kuchosha, simsengenyi, kwa sababu hata mwenyewe nimeshamwambia usoni. Kabla hajashona zipu huifungua na kuifunga mara kumi. Mkoba ukikamilika huifungua na kuifunga mara kumi nyingine, huku mimi nimeshika kamera namsubiri anipishe nipige picha. Ukimuuliza kama ameridhika, hujibu, "Bado kidogo." Miaka minne nimeishi na hiyo bado kidogo.

Tuko watatu katika chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya shule: mimi, Mama Zipu, na dada yake wa tumbo moja ambaye sote tunamwita Dada Mkubwa. Dada Mkubwa ni mdarizi. Maua na ndege wote wa kwenye mikoba yetu ni kazi ya mikono yake, na kwa ajili yao watu wa mbali, ambao hatutawaona maisha, hutununulia kupitia mtandao. Mimi nakata vitambaa, napiga picha, najibu wateja. Kwa kuwa mimi ndiye ninayejua kompyuta, nilipewa ukatibu. Sikuukataa, maana napenda kuitwa Katibu.

Pesa za wateja huingia kwenye akaunti yetu katika huduma moja ya malipo ya mtandaoni. Siku tuliyoifungua nilitaka neno la siri nilishike mimi peke yangu. Mama Zipu akasema hapana. Likawa la vipande vitatu, kila mtu na chake kichwani, na tukitaka kuingia ni lazima tukae wote mbele ya kompyuta. Mmoja akiandika, wawili wanageukia ukutani. Nilicheka mpaka machozi. Nikamwambia hata benki hawajitesi hivyo. Yeye hakucheka. Akaandika anwani ya huduma ile kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akaibandika juu ya mashine yake, akasema mlango wetu ni huu hapa.

Sababu alikuwa nayo. Kabla ya kushona zipu alikuwa mfagiaji katika jengo la ofisi la ghorofa saba, na asubuhi, kabla wenye ofisi hawajafika, funguo zilikuwa kiunoni mwake. Siku moja alikuja bwana amevaa tai, mkononi ana mafaili, akasema ni wa ghorofa ya tano, ufunguo ameusahau nyumbani, na mkutano unaanza baada ya dakika kumi. Alimwamkia kwa adabu zote. Mama Zipu akamfungulia. Saa tatu kompyuta sita hazikuwepo, na saa tano yeye naye hakuwa na kazi. Ni dada yake aliyemchukua akamkalisha kwenye mashine na kumfundisha kushona akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na moja. Ukitaka kumnyima usingizi Mama Zipu, mwambie tu kwamba jambo fulani lina haraka.

Sasa, Dada Mkubwa alikuwa na mtoto wa jicho. La kushoto lilishaziba. La kulia lilikuwa linaona ukungu, na uzi mweupe na wa manjano kwake ulikuwa mmoja, hadi ikabidi tumpangie nyuzi kwenye vikopo. Daktari wa upasuaji huja katika hospitali yetu mara mbili tu kwa mwaka. Dada Mkubwa alipewa siku ya Alhamisi, na malipo yalitakiwa yawe yamefika Jumatano. Pesa zilikuwepo kwenye akaunti, jasho la miezi minane, na tulishakubaliana bila ubishi kwamba ni za macho yake. Akiikosa Alhamisi ile, angengoja nusu mwaka mwingine gizani, na mikono yake ikikaa, sote tumekaa.

Jumatatu, saa nne asubuhi, nikafungua barua pepe.

"Mpendwa Mteja," iliandikwa, "tumegundua shughuli zisizo za kawaida. Akaunti yako itafungwa na fedha zake kuzuiliwa. Thibitisha taarifa zako ndani ya dakika sitini." Rangi zilikuwa zao, alama yao ilikuwa pale juu, na chini palikuwa na kitufe cha kijani. Nikakibonyeza. Ukafunguka ukurasa ule ule ninaoujua, ila pembeni palikuwa na saa inayohesabu kurudi chini. Dakika hamsini na nane na nukta zake.

Nikaandika kipande changu. Nikamshika Dada Mkubwa mkono, nikamkalisha, nikageukia ukutani, naye akapapasa herufi moja moja mpaka akamaliza chake. Mama Zipu alikuwa ameenda mjini kununua zipu. Nikampigia.

"Achana na zipu," nikamwambia. "Akaunti inafungwa. Nitajie kipande chako."

"Nani anaifunga?"

"Wenyewe. Wametuandikia."

"Basi nakuja."

"Kwa goti lako hilo bovu utafika lini? Nitajie tu, ni mimi Katibu."

"Najua ni wewe. Nakuja." Akakata.

Nilimtukana. Nilianza kimoyomoyo, nikamalizia kwa sauti, mbele ya dada yake, na wala sikuona haya. Nikapiga tena. Akapokea, akasema yuko njiani, akakata. Mara ya tatu hakupokea. Ile saa ilikuwa inashuka bila huruma na mimi nimekaa mbele yake natoka jasho, nikihesabu nayo kama mjinga.

Zilipobaki dakika thelathini na moja, Dada Mkubwa aliniomba nimpigie kwa simu yake mwenyewe. Simu ya dada yake, Mama Zipu aliipokea.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi sikuombi kitu kila siku."

Sikusikia jibu. Nilisikia magari tu.

"Nimekubeba mgongoni mimi. Ulipofukuzwa kazi sikukuuliza umefanya nini. Leo nakuomba maneno mawili tu, nione." Sauti ikamkatika. Nimekaa naye miaka yote ile na sikuwahi kumsikia akilia. Alilia vibaya, bila kujificha, simu imemgandia shavuni. Halafu akanyamaza, akaisogeza simu sikioni vizuri, akasikiliza.

"Amekata," akasema. Akapapasa ukingo wa meza kabla ya kuiweka simu chini.

Wakati ule nilimchukia Mama Zipu, nalisema hilo wazi. Niliona kwamba kompyuta sita za watu wengine zilikuwa nzito kwake kuliko macho ya dada yake.

Aliingia zikiwa zimebaki dakika sita. Gauni limemganda mgongoni, goti limevimba, mfuko wa zipu bado mkononi. Nilimsogezea kiti. Hakukaa.

"Ukurasa huu umeufunguaje?"

"Kwenye barua yao. Kaa, andika."

"Barua umejuaje ni yao?"

"Si hiyo alama yao? Si hizo rangi zao? Hujui hata kusoma barua pepe, unaniuliza mimi?"

"Yule naye alikuwa na tai," akasema.

Dakika nne. Nikamwambia tuandike kwanza, maswali baadaye. Akasema yeye ataandika akipitia mlango wetu, ule wa kwenye karatasi, si mlango wa mtu mwingine. Nikamwambia muda hautoshi kufunga na kufungua, na akaunti ikizuiliwa katikati nani atairudisha? Dada Mkubwa alikuwa amekaa katikati yetu, anageuza uso kwangu, anaugeuza kwake, kwa kufuata sauti.

Dakika mbili. Hapo nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nainamisha kichwa. Nilimwambia, "Dada yako akipofuka, utajibu wewe."

"Nitajibu," akasema. Akaificha mikono yake kwapani, kana kwamba aliogopa ingemponyoka iende kuandika yenyewe.

Nukta kumi. Tano. Tatu. Nilishika ukingo wa meza. Moja.

"Imefungwa?" Dada Mkubwa aliuliza, maana hakuona.

Saa ilifika sifuri, ikasimama kidogo, kisha ikaandika dakika sitini, ikaanza kushuka upya. Hakuna kilichofungwa wala kilichozuiliwa. Ilikuwa inazunguka tu, na ingezunguka hivyo hadi kesho kutwa, ikimngoja mtu wa tatu.

"Inaanza tena," nikasema.

Nikaufunga ukurasa ule. Nikaisoma anwani ya kwenye karatasi, nikaiandika herufi kwa herufi, tukaingia kwa vipande vyetu vitatu. Akaunti ikafunguka, ikatusalimu kwa jina la kikundi chetu kama siku zote. Hapakuwa na onyo lolote. Pesa zote zilikuwepo. Palepale tukabadilisha neno la siri, kwa kuwa vipande viwili nilishavimwaga kwa watu nisiowajua, kisha tukalipa hospitali bila kungoja Jumatano.

Ndipo nikairudia ile barua, na safari hii nikaitazama ilikotoka. Jina la huduma lilikuwepo, lakini nyuma yake lilikuwa limeburuta mkia wa herufi na namba usio na kichwa wala miguu. Mkia huo ulikuwepo tangu saa nne, ila sikuwa nimeutazama. Na wale wenyewe hawajawahi hata siku moja kutuita Mpendwa Mteja. Jina letu wanalijua. Mimi, Katibu, mjuzi wa kompyuta. Nikaituma barua ile kwa wenye huduma waione, halafu nikamwomba Mama Zipu msamaha, nikatamka maneno yote, hata lile la kupofuka. Akasema yameisha. Sijui kama yameisha kweli.

Dada Mkubwa ndiye aliyemuuliza nilichokuwa nataka kuuliza mimi.

"Ulijua ni wezi?"

"Sikujua, dada."

"Na kama ingekuwa barua yao kweli?"

"Ningekuwa nimekosea."

"Na bado ukaninyima. Mimi."

Mama Zipu alikaa, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alinyoosha lile goti kwa mikono miwili.

"Sikukunyima," akasema. "Ulipoanza kulia nilianza kutaja. Herufi mbili nilishazitamka, kelele za magari zikazimeza usizisikie. Nikaona ya tatu inakuja. Ndiyo maana nikakata, dada. Ungelia kidogo tu zaidi, ningekutajia yote."

Dada Mkubwa alinyoosha mkono, ukaupata uso wa mdogo wake, ukabaki hapo.

"Basi siku nyingine nikikulilia hivyo," akasema, "usipokee."

"Nitapokea," alisema Mama Zipu.